Una kisima nyumbani? Wewe ndiye mamlaka ya maji ya watoto wako

Kwa familia nyingi za Mbagala, Kigamboni, Chanika na pembezoni mwa miji mingine nchini, kisima cha nyumbani ni ukombozi. Foleni ya ndoo imekwisha, mgawo wa maji haumnyimi mtu usingizi, na jirani naye anapata dumu lake bila kwenda mbali.

Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi fundi huondoka bila kulisema. Maji ya bomba yana watu walioajiriwa kuyapima na kuyatia dawa kabla hayajafika kwako. Maji ya kisima chako hayana mtu huyo. Siku pampu ilipowashwa kwa mara ya kwanza, kazi hiyo ilihamia kwako. Usipoifanya wewe, haifanywi na mtu yeyote, na wa kwanza kulipa gharama huwa ni mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Ugonjwa unaorudi kila mara

Mtoto anaharisha, anapewa dawa, anapona. Baada ya wiki tatu anaharisha tena. Katikati hapo mama ameambiwa ana taifodi, na dada wa kazi naye amelalamika tumbo. Kila mmoja anatibiwa kivyake, katika zahanati yake na kwa dawa zake. Hakuna anayeuliza wanakunywa maji gani.

Mzazi, kama nyumba yako inatumia kisima, sema hivyo mbele ya daktari hata kama hukuulizwa. Kuna dalili tatu zinazopaswa kukufanya ukitazame kisima kabla ya kununua dozi nyingine. Ya kwanza, wanaougua ni zaidi ya mmoja ndani ya nyumba. Ya pili, ugonjwa hurudi siku chache baada ya mvua kubwa. Ya tatu, mtoto akienda likizo kwa bibi yake hupona, akirudi nyumbani anaanza upya.

Kwa taifodi, kumbuka pia kwamba kipimo cha damu cha Widal peke yake kinaweza kudanganya na kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Kumeza antibayotiki kila mwezi kwa sababu hiyo hakusafishi kisima. Kunawafundisha bakteria kuzizoea dawa.

Maji maangavu si lazima yawe salama

Wengi hupima maji kwa macho na ulimi: yakiwa maangavu, baridi na yasiyo na chumvi, basi ni mazuri. Kipimo hiki kimewahi kuua watu wengi. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, London, watu wapatao 600 walikufa kwa kipindupindu kilichotokana na kisima kimoja. Maji yake yalipendwa kiasi kwamba mama mmoja aliyehamia mbali na mtaa huo alikuwa akiletewa, naye akafa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikuta shimo la maji taka la nyumba ya jirani limepasuka, nalo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Ndani ya shimo hilo yalikuwa yamemwagwa maji yaliyofulia nepi za mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi ya nchi. Katika viwanja vidogo vya mijini, choo cha shimo, karo la maji taka na kisima mara nyingi vinagombea eneo moja, na ukuta wa jirani hauzuii maji yanayopita chini ya ardhi. Ndiyo maana kinyesi cha mtoto, ambacho wengi hukiona hakina madhara, kinapaswa kutupwa chooni kama cha mtu mzima. Maji ya kufulia nepi nayo hayamwagwi karibu na kisima.

Ukaguzi wa dakika kumi

Kabla ya kumwita fundi, zunguka kisima chako ukijiuliza maswali haya:

1. Je, kuna choo au karo, lako au la jirani, ndani ya mita 30? Umbali huo ndio kiwango cha chini kinachoshauriwa. Udongo ukiwa wa mchanga mwingi au maji ya ardhini yakiwa juu, zaidi ya hapo ni bora.

2. Je, choo au karo hilo liko upande wa juu wa mteremko kuliko kisima?

3. Je, kisima kina mfuniko imara usiopitisha maji, wadudu wala panya, na unaofungwa kwa kufuli?

4. Je, mdomo wa kisima au bomba lake umeinuliwa juu ya ardhi, au uko sawa na uwanja kiasi kwamba maji ya mvua yanaweza kuingia?

5. Je, sakafu ya zege inayokizunguka ina nyufa? Maji yaliyomwagika yanarudi ndani kupitia humo.

6. Je, kuna mtaro wa kuyaondoa maji yaliyomwagika, au yanatuama hapo hapo?

7. Je, kuku, mbuzi au mbwa hufika hapo?

8. Kama mnachota kwa ndoo, je, ndoo na kamba huwekwa chini kwenye udongo?

9. Je, mahali waya na mabomba yanapoingilia kisimani pamezibwa vizuri?

10. Je, tanki lina mfuniko unaoshika, na lilisafishwa ndani ya miezi sita iliyopita?

Kila jibu baya ni mlango wa uchafu. Habari njema ni kwamba mingi kati ya milango hiyo hufungwa kwa mfuko wa saruji, mfuniko na siku moja ya kazi. Mgumu zaidi ni umbali wa choo, kwa sababu kisima hakihami. Hapo utalazimika kutibu maji ya kunywa kila siku, bila kuruka.

Kisima kinapolalamika

Kisima na pampu vina namna yake ya kuonyesha kwamba kuna kasoro. Usikimbilie kuitazama kama kero ya fundi tu, kwani mara nyingi ni suala la afya.

Maji kubadilika rangi baada ya mvua. Hii ina maana kwamba maji ya juu ya ardhi yanaingia kisimani bila kuchujwa na udongo. Acheni kunywa bila kuchemsha tangu siku hiyo, kisha tafuteni ufa.

Mchanga kwenye ndoo. Huenda pampu imeshushwa chini mno, au chujio au bomba la kisima limepasuka. Mchanga hula pampu, na ufa unaoingiza mchanga unaweza kuingiza na uchafu.

Harufu. Harufu ya mayai viza mara nyingi ni gesi ya salfa au bakteria waliojijenga ndani ya kisima au tanki. Harufu ya choo ni jambo jingine kabisa: fungeni kisima, msinywe wala kupigia mswaki maji hayo mpaka yapimwe.

Rangi ya kutu. Hii mara nyingi ni madini ya chuma. Huchafua nguo nyeupe na kujenga utelezi ndani ya mabomba. Pia hupunguza nguvu ya klorini.

Bomba kutema hewa, au pampu kuwaka bila maji kupanda. Huenda kina cha maji kimeshuka, au bomba limetoboka. Bomba lililotoboka chini ya ardhi ni hatari zaidi, kwa sababu pampu ikizimwa linaweza kunyonya maji machafu yanayolizunguka.

Kuna kosa moja ambalo wenye nyumba wengi hawalioni. Pampu ikiharibika, fundi huivuta juu na kuilaza na mabomba yake kwenye udongo, pengine pale kuku wanapochakura. Jioni inarudishwa kisimani na matope yake. Mwambie fundi atandike turubai safi, afute kila kipande kwa maji yenye klorini kabla ya kukishusha, na kisima kitiwe dawa siku hiyo hiyo.

Kupima: nini na lini

Peleka maji yako kwenye maabara ya ubora wa maji iliyo chini ya Wizara ya Maji katika mkoa wako angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya mafuriko au matengenezo makubwa. Uliza chupa gani itumike, kwani sampuli ya bakteria huchukuliwa kwenye chupa maalumu na hufikishwa maabara haraka.

Omba vipimo hivi. Bakteria wa kinyesi, hasa E. coli: kiwango salama ni sifuri katika mililita 100. Naitreti: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri isizidi miligramu 50 kwa lita. Floraidi: isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ongeza na chumvi, hasa ukiwa Pwani.

Watoto wachanga. Naitreti hutoka kwenye vyoo na mbolea. Mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kupungukiwa uwezo wa damu kubeba oksijeni. Midomo na ngozi hugeuka rangi ya bluu au kijivu. Ukiona hivyo, kimbilia hospitali. Kuchemsha hakuondoi naitreti, bali huiongeza nguvu kwa kuwa maji hupungua na yenyewe hubaki. Hii ni sababu nyingine ya kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji.

Watoto wanaoota meno. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji mengi ya ardhini yana floraidi nyingi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yakijengeka ndani ya fizi, takriban hadi umri wa miaka minane, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa na kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda na viungo hukakamaa. Hapa pia kuchemsha hakusaidii, na klorini haisaidii. Yanahitajika maji kutoka chanzo kingine, ya mvua kwa mfano, au chujio la mkaa wa mifupa kama linalotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha. Kama huwezi kupata ya kutosha nyumba nzima, anza na maji ya kunywa na kupikia ya watoto.

Wagonjwa wa shinikizo la damu na figo. Visima vya karibu na bahari huongezeka chumvi vinapovutwa kupita kiasi, kwa sababu maji ya bahari husogea kujaza nafasi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka vyakula na vinywaji vyote. Mgonjwa aliyeacha chumvi mezani anaweza kuendelea kuinywa kwenye glasi. Katika pwani ya Bangladesh, watafiti wamekuta uhusiano kati ya maji yenye chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito. Kama presha yako haishuki licha ya dawa, au una ujauzito, mwambie daktari ladha ya maji yako.

Wenye kinga dhaifu. Anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, au anayetibiwa saratani, asitegemee klorini peke yake. Kuna vimelea wa kuhara wanaoistahimili. Maji yake yachemshwe.

Kukitia kisima dawa

Kazi hii hufanywa baada ya mafuriko, baada ya matengenezo, au kipimo kikionyesha bakteria. Ziba kwanza nyufa na safisha kisima. Ukitia dawa huku uchafu ukiendelea kuingia, baada ya siku chache utarudi pale pale. Zima umeme kabla ya kugusa pampu.

Tafuta ujazo wa maji yaliyomo: zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa kina cha maji, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 0.8. Kisima chenye upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 2 kina takriban mita za ujazo 1.6, yaani lita 1,600.

Weka maji safi lita 20 kwenye ndoo ya plastiki, kisha tia gramu 300 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, na koroga. Tia klorini kwenye maji. Usimwage maji juu ya klorini. Vaa glavu, funika macho, fanyia nje penye hewa, na usichanganye na sabuni au dawa nyingine ya choo. Mimina lita 10 za mchanganyiko huo kwa kila lita 1,000 za maji ya kisima. Kwa mfano wetu ni lita 16.

Fungua mabomba yote ya nyumba mpaka usikie harufu ya klorini, yafunge, uache usiku mzima. Wakati huo mtu asinywe, asipikie wala kuoga. Asubuhi vuta maji na kuyamwaga mbali na bustani na mabwawa ya samaki mpaka harufu ipungue sana. Endeleeni kuchemsha ya kunywa mpaka kipimo kipya kitakapotoka kizuri. Kwa kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, ni salama zaidi kumwachia fundi mwenye uzoefu.

Kamwe usimruhusu mtu kushuka kisimani kiholela. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni, na jenereta au pampu ya petroli iliyowashwa karibu na mdomo wa kisima huteremsha moshi wenye sumu isiyo na harufu. Mshumaa unaoendelea kuwaka chini si uthibitisho, kwani hauonyeshi sumu hiyo. Akianguka mmoja, wa pili anayemfuata kumwokoa huwa anakufa naye. Kazi ya ndani waachieni wenye vifaa vya hewa na kamba za uokoaji.

Kutoka kisimani hadi kikombeni

Hata maji yaliyotoka salama yanaweza kuchafuka kabla hayajafika mdomoni. Tanki lisilofunikwa hukaribisha ndege, vumbi na mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Lisafishe kila baada ya miezi sita.

Maji ya kunywa yachuje kwa kitambaa safi kama yana vumbi, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na subiri dakika 30. Yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na koki, au dumu la mdomo mwembamba. Kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono kinarudisha wadudu ulioteketeza kuni kuwaua.

Mtoto akiharisha

Usisubiri majibu ya maabara. Mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kila anapoharisha. Ukikosa, changanya vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mwongezee zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

Mpeleke kituo cha afya haraka akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakidumbukia, akitoa damu kwenye kinyesi, au akiharisha maji mfululizo kama ya mchele.

Jumamosi hii, tafuta dakika kumi. Chukua daftari, andika tarehe kisima kilipochimbwa, kina chake, siku ya mwisho ya kupimwa, ya kutiwa dawa na ya kusafisha tanki. Ukikuta huna tarehe hata moja ya kuandika, umekwishajua pa kuanzia. Na kama jirani huchota kwako, mwonyeshe daftari hilo, kwa kuwa watoto wake wanakunywa maji yale yale.